Punda Mmoja, Wamisionari Wawili: Rebmann Anapofika Rabai

Baba Askofu, wachungaji, wazee wa kanisa, na hasa ninyi vijana mnaosubiri barua za kupangiwa vituo, Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme nanyi juu ya miezi ya kwanza ya mtumishi kijana katika mahali asipopajua, akiwa na mwenzake ambaye hakumchagua. Badala ya kuwapa mawaidha nitawapa mtu. Mtu huyo ni Johannes Rebmann, na mahali penyewe ni Rabai, hapa nyuma ya Mombasa, mwaka 1846.

Jina lake mmelisikia shuleni. Ndiye Mzungu aliyeandika kwamba aliona theluji juu ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na mabingwa wa jiografia kule London wakakataa kumwamini. Vitabu vyetu vikishasema hivyo humwacha hapo. Mimi naona vinamwacha kabla hata hajaanza kazi, kwa sababu baada ya mlima ule alikaa katika nchi hii miaka mingine ishirini na saba.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika Württemberg, Ujerumani. Akasomea kazi yake Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Wakati ule Waingereza wenyewe waliojitolea kwenda mbali walikuwa wachache, hivyo chama kiliwatuma Wajerumani wengi. Alishuka Mombasa mwezi Juni 1846, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Sasa mtazameni yule anayempokea. Johann Ludwig Krapf alikuwa amemzidi miaka kumi. Naye ni mtu wa Württemberg, amepita Basel hiyo hiyo. Alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ikamchukua Rosine, na siku chache baadaye ikamchukua binti yao mchanga. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf akabaki peke yake karibu miaka miwili. Hakukaa bure: alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, akatembea vijiji vya bara na kuzungumza na wazee. Kijana anapofika anakuta mtu anayejua lugha na njia, mwenye kaburi la mke na mtoto, na mwenye mipango mikubwa kichwani.

Wengi wenu mtapokelewa na mtu wa namna hiyo. Mwenzako ataijua kazi kabla yako. Atakuwa na machungu ambayo hatakueleza siku ya kwanza, pengine hata mwaka wa kwanza. Nawaomba mlishike hilo tangu mapema, maana vijana wengi hudhani ukimya wa mwenzao ni chuki, wakati mwenzao amechoka tu, au ana msiba wake.

Wote wawili waliugua homa mara tu baada ya Rebmann kufika. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeieneza; hilo lilikuja kuthibitishwa miaka ya 1890. Walidhani ni hewa mbaya ya pwani, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuutaka mlima wa Rabai, wenye hewa safi, usio mbali na bandari. Lakini mlima ulikuwa na wenyewe. Krapf alikwenda kwanza kwa wazee wa Rabai kuomba ruhusa. Anaandika kwamba walikubali bila kudai zawadi, wakasema ndege wana viota, na Wazungu nao ni lazima wapate nyumba.

Nataka tukae kidogo kwenye jibu hilo. Historia ya misheni mara nyingi husimuliwa kana kwamba wageni walijichagulia mahali na kusimika bendera. Rabai haikuwa hivyo. Kulikuwa na kaya, yaani kijiji chao chenye boma msituni, na wazee wake, na utaratibu wa kumkubali au kumkataa mgeni. Watu hawa, ambao watu wa pwani siku hizo waliwaita Wanyika na leo ni Wamijikenda, walikuwa na kila uwezo wa kusema hapana. Rebmann alipata pa kulala kwa sababu wazee, ambao hata majina yao wengi wetu hatuyajui, walimwonea huruma mtu asiye na nyumba. Mtakapofika vituoni, kuna watu wa namna hiyo. Watafuteni kabla hamjafungua masanduku.

Siku ya kuhama ilikuwa tarehe 25 Agosti 1846. Wote wawili wana homa. Wanasafiri kutoka Mombasa, kisha kuna kupanda, na jua la Agosti mnalijua. Punda ni mmoja. Huyu anapanda kidogo, yule anatembea. Yule anapanda, huyu anajikokota. Krapf aliandika baadaye kwamba ni vigumu kukuta misheni iliyoanzishwa kwa udhaifu kama ule, na akaona ndivyo Mungu alivyotaka, ili wasijisifie nguvu zao. Mimi namwamini. Lakini naliona na jambo jingine: watu wawili wasiojuana hata miezi mitatu walilazimika kuamua, kila baada ya hatua kadhaa, nani amezidiwa zaidi. Hilo ni somo la kuishi na mwenzako ambalo chuo hakiwezi kulifundisha. Nyumba yao ilikuwa bado haijaisha. Na wenyewe mnasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; basi hawa walianza na jembe, mgonjwa na mgonjwa mwenzake.

Miaka ya mwanzo kijana alifuata nyayo za mkubwa. Krapf alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya misheni, kutoka pwani hii mpaka bahari ya magharibi. Basi Rebmann naye akashika njia. Mwaka 1847 alikwenda Kasigau, na mwaka uliofuata Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, mkononi ana mwavuli tu. Safari ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, ilimvunja. Alitaka kuvuka mpaka Unyamwezi. Mangi Mamkinga, mtawala wa Wachaga wa Machame, aliyempokea vizuri hapo awali, safari hii alimmalizia mali yote aliyobeba kwa ajili ya njia. Akarudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu.

Hapo ndipo Rebmann ninayempenda anapoanza. Aliacha ndoto ya mwenzake. Akaona kazi yake ni kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha za watu mpaka ndani, kumfundisha mmoja, kisha mwingine. Krapf hakukubaliana naye. Aliporudi kutoka Ulaya mwaka 1851 na mipango mipya ya mnyororo, tofauti yao ilikuwa wazi kabisa. Msidhani watu watakatifu hawatofautiani. Walitofautiana juu ya jambo zito, namna ya kufanya kazi ya Mungu, na kila mmoja aliamini kwa moyo wote. Mwaka 1853 Krapf aliondoka, afya imekwisha. Rebmann akabaki.

Alibaki mpaka 1875. Miaka 29 hakurudi Ulaya hata mara moja. Alimzika mkewe Rabai mwaka 1866. Waumini walikuwa wachache mno, na kwa hesabu za ofisini ni rahisi kusema alishindwa. Mimi nakataa hesabu hiyo. Mtu huyu aliketi na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa, akaandika kutoka kinywani mwake kamusi ya lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Nani mwingine siku hizo alimwuliza mtumwa juu ya maneno ya kwao, akayaandika kwa heshima? Macho yakamharibikia, hatimaye akawa kipofu.

Aliporudi Ujerumani alikwenda Korntal, na huko ndiko Krapf alikokuwa akiishi. Akafariki Oktoba 1876. Mwaka uliofuata ile kamusi ya Kinyasa ilichapishwa, na aliyeihariri ni Krapf. Kamusi yao ya Kinyika ilitoka mwaka 1887, wote wawili wameshafariki, na majina yao yako pamoja kwenye jalada: Krapf na Rebmann.

Ahsanteni. Tuna muda wa maswali, na ningependa tuanze na ninyi mnaokwenda vituo vya mbali.