Laptopu kwenye treni ya Pugu: namna ya kutumia intaneti ya simu bila kumaliza bando

Habari za asubuhi, ndugu watazamaji. Hapa ni stesheni ya Pugu, Dar es Salaam, jua halijachomoza, na treni ya kwenda mjini inajaza watu taratibu. Mimi nakaa huku, kazini kwangu ni Posta, na ripoti zangu nyingi naziandikia humu humu ndani ya behewa. Treni za mjini zilipoanza Oktoba 2012, ile ya Reli ya Kati ikienda Ubungo, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hii ya Pugu ilikuja baadaye. Imenipa kitu ambacho sikuwahi kukipata kwenye daladala: nafasi ya kuweka laptopu mapajani na kufanya kazi mpaka mjini. Leo nawaonyesha ninavyoiunganisha na intaneti ya simu.

Sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani usiku, kwa hiyo tuanzie huko. Chaji laptopu na simu zijae. Bando linunue usiku huo huo, usisubiri kuhangaika na menyu umesimama kwenye foleni ya tiketi. Halafu pakua kila faili utakalolihitaji kesho, ulihifadhi ndani ya laptopu yenyewe. Kama unaandikia Google Docs, washa ile sehemu ya kufanya kazi bila mtandao ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishapanda treni na mtandao ukakata, utakuwa umechelewa.

Sasa hatua ambayo naomba usiiruke hata kama una haraka. Simu yako inajua kwamba inatumia bando. Laptopu haijui. Ikiona WaiFai inadhani uko ofisini, kwenye mtandao usio na kipimo, na inaanza kupakua masasisho, kupandisha picha na kulinganisha mafaili, yote kimyakimya nyuma ya kazi yako. Iliwahi kunitokea: nilikuwa na GB 2 za wiki nzima, nimeketi naandika barua pepe tu, na kabla hatujafika Buguruni ujumbe ukaingia kwamba bando limekwisha. Nilikuwa sijaifungia laptopu yangu mlango. Siku zilizobaki za wiki ile nilikuwa nanunua vocha kila jioni.

Kwa hiyo tazama hapa kwenye kioo. Hii ni laptopu ya Windows. Nimeshaiunganisha na hotispoti ya simu, yaani simu inaigawia laptopu intaneti yake kwa WaiFai. Naingia Settings, halafu Network & internet, halafu Wi-Fi, nafungua jina la mtandao wa simu yangu, nashuka mpaka palipoandikwa Metered connection, nawasha. Basi. Umeiambia laptopu kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatasubiri. Lakini kivinjari chako hakihusiki na amri hiyo. Video zinazojichezesha zenyewe zitaendelea kujichezesha, na saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kumeza zaidi ya GB 1. Funga kila ukurasa usiouhitaji.

Treni imeondoka. Tuunganishe.

Una njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni hotispoti. Kwenye simu za Android zilizowekwa Kiswahili utaikuta kwa jina la mtandaopepe. Weka neno la siri la herufi 8 au zaidi, na jina la hotispoti lisiwe jina lako wala namba yako ya simu, maana behewa zima linaliona. Njia ya pili ni waya wa USB, ule ule wa kuchajia. Chomeka simu kwenye laptopu, rudi kwenye mipangilio ile ile, washa kusambaza mtandao kupitia USB. Mimi napenda waya. Simu haiishiwi chaji, kwa sababu inachajiwa na laptopu, na hakuna jirani atakayejaribu kubahatisha neno lako la siri. Kumbuka tu kwamba laptopu inauona waya kama mtandao mwingine kabisa, kwa hiyo ile Metered connection utaiwasha tena, safari hii upande wa Ethernet.

Kuna pia modemu na vile vipokeaji vidogo vya mfukoni vinavyotoa WaiFai. Vinafaa kama simu yako ni ya zamani na betri imechoka. Vinginevyo simu inatosha.

Tumepita Gongo la Mboto, na mtandao umeanza kusuasua. Usiogope, usianze kubofya ovyo. Simu inazungumza na mnara mmoja, treni inapoondoka kwenye eneo la mnara huo inakabidhiwa kwa mnara unaofuata, na makabidhiano yale yakichelewa, ukurasa unaganda. Kwenye SGR, ile treni ya reli ya kisasa, ya kwenda Morogoro hali inakuwa kali zaidi: kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, unapita zaidi ya kilomita mbili na nusu kila dakika. Tena bati la behewa lenyewe linazuia mawimbi, na vioo vya treni za kisasa mara nyingi vina utando mwembamba wa metali wa kupunguza joto, nao unadhoofisha mtandao. Ndiyo maana nakaa dirishani.

Lakini nisikilize vizuri, hasa dada zangu. Kwenye treni yetu hii dirisha linafunguka, na dirisha linaloleta mtandao ndilo linaloondoka na simu. Treni ikisimama, mkono unaingia, umekwisha. Simu yangu nimeiweka hapa, upande wa dirisha lakini ndani ya mfuko wa mbele wa begi, waya unatokea juu. Laptopu nimeigeuzia ndani. Kila tunapokaribia kusimama naikunja nusu na kuweka mkono juu yake.

Mtandao ukiganda zaidi ya dakika moja, fanya hivi: washa hali ya ndege, hesabu mpaka kumi, zima. Simu italazimika kutafuta mnara upya, badala ya kung'ang'ania ule ulioachwa nyuma. Ikishindikana, hamia laini ya pili. Wengi wetu tuna simu ya laini mbili. Weka laini za kampuni mbili tofauti, kwa sababu minara haiko sehemu zile zile. Na kwa wiki moja, kila mtandao unapokata, andika umefika wapi. Mimi nilifanya hivyo kwenye daftari, na sasa najua sehemu zangu za kutuma na sehemu za kuandika tu.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kazi za treni. Andika bila mtandao, tuma mtandao ukiwa mzuri. Barua pepe naandika tano, zinasubiri kwenye sanduku la kutoka, tukifika penye mtandao zinaondoka zote pamoja. Fomu ndefu za mtandaoni, kama za maombi ya kazi, majibu yake yaandike kwanza kwenye faili la kawaida, halafu uyanakili, kwa sababu fomu ikikatika katikati mara nyingi inarudi tupu. Mkutano wa video zima kamera, baki na sauti. Na malipo ya benki, nakuomba, usiyafanye treni ikiwa inatembea. Kama umeshabofya tuma na ukurasa ukaganda, usibofye mara ya pili. Subiri, angalia salio na ujumbe wa uthibitisho, ndipo uamue.

Tumeipita Kamata, watu wanaanza kusimama. Huu si muda wa kumalizia sentensi. Nahifadhi faili, nahakikisha barua pepe nilizoandika zimetumwa, nachomoa waya, nazima kusambaza mtandao ili simu isiendelee kula chaji mfukoni. Laptopu ndani ya begi, begi mbele ya kifua, zipu upande wangu. Stesheni hii hapa, tushuke.