Mzee Akianguka, Nani Anajibu?

Hamjambo ndugu zangu wa Arua, Bombo, Busia, Kampala kote. Swali mnalonitumia kila mara ni hili: mzee akianguka mikononi mwako huko Uingereza, unafungwa?

Tuelewane. Kuanguka peke yake si kosa la mtu. Mzee wa miaka tisini anaweza kuanguka hata ikulu. Sheria ya huku inauliza: mlijua nini kabla, na mlifanya nini? Ndiyo maana mzee akiingia tu kwenye makao ya kutunzia wazee, tunaandika hatari zake. Macho yanaona? Akisimama ghafla anapata kizunguzungu? Anameza dawa za usingizi, za presha? Usiku anaamka kwenda haja? Akianguka, tunaandika upya. Sasa kama faili inasema asitembee bila msaidizi, halafu usiku mfanyakazi ni mmoja kwa wazee chungu nzima, hapo wakili wa familia hatoki jasho.

Kanuni ya 12 ya zile kanuni za matunzo za mwaka 2014 inawabana wenye makao watoe matunzo salama. Wakizembea na mzee akaumia, wakaguzi wa Care Quality Commission, tume inayosimamia makao haya, wanaweza kuwashtaki. Familia nayo kwa kawaida ina miaka 3 ya kudai fidia, na mara nyingi anayedaiwa ni mwajiri. Lakini wewe mfanyakazi mwenye sare usilale! Ukimtesa mzee au kumtelekeza kwa makusudi, tangu sheria ya 2015 hiyo ni jinai yako mwenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni kanuni ya 20, humo humo kwenye zile za 2014. Mzee akiumia vibaya, makao lazima yawaambie jamaa ukweli na kuwaomba radhi. Na radhi hiyo peke yake, kwa sheria ya 2006, haihesabiwi kukiri kosa. Kwetu bosi angekwambia funga mdomo.

Wengine mnasema, si mumfunge tu kitandani? Hapana bwana! Hata zile reli za kitanda zina hatari zake: mzee aliyechanganyikiwa anazipanda, anaanguka kutoka juu zaidi, au ananasa katikati. Kinachosaidia ni vitu vidogo: kengele karibu na mkono, kitanda kushushwa, viatu vinavyoshika mguu badala ya sapatu, miwani safi, taa ya chooni, kumpeleka haja kabla hajabanwa. Upo pia mkeka unaolia akiukanyaga. Mzuri, ila mkeka haudaki mtu.

Na akishaanguka, msikimbilie kumwinua, tafadhali. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Hospitali, hata kama anacheka.

Huko nyumbani Uganda makao ya wazee ni machache. Wengi mnalijua lile la Nalukolongo, Kampala, alikofika Papa Francis mwaka 2015. Jajja zetu, yaani babu na bibi, wengi wako kwa watoto wao, kwa hiyo hakuna wa kumpeleka kortini. Halafu tunawajengea bafu la saruji laini kama kioo, na choo nyuma ya nyumba, njia giza tupu! Unayejenga sasa, mwambie fundi aache sakafu ya bafu ikwaruze, na achimbie bomba la chuma ukutani la kushikilia.

Nitumieni picha za bafu analotumia jajja wenu, bila jajja ndani, jamani. Wiki ijayo tutazipitia moja moja na fundi wangu wa Bombo, atutajie na bei.