Sikiliza Boléro na mimi, bandugu wa Lubumbashi

Jambo bandugu, bayaya na badogo wa mitaa yetu ya Kamalondo, Katuba, Kenya, wote! Leo siongelei makaratasi wala baridi ya huku Bruxelles. Tunasikiliza muziki wa klasiki. Ee, usifunge video! Najua kwetu vinanda hivi vikilia redioni, mtu anauliza nani amekufa.

Huku nafuata masomo ya jioni ya kusikiliza tu. Mwalimu anaweka muziki, anausimamisha, anauliza: "Sasa hivi nani anaimba?" Basi. Hakuna kufunga macho na kujifanya umeguswa.

Alituanzishia Boléro ya Maurice Ravel, Mfaransa, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928. Inachukua karibu robo saa. Ngoma ndogo ya fimbo mbili inaanza chini sana, utadhani simu yako imeharibika, na mdundo wake unabaki uleule hadi mwisho. Wimbo nao una pande mbili tu, zinazunguka. Kinachobadilika ni anayeubeba: filimbi, kisha klarineti, kisha fagoti, na kuendelea, sauti ikipanda polepole.

Sasa wewe uliyekulia kwenye sebene, nani alikufundisha kutenganisha magitaa ya solo, mi-solo, akompa na besi? Hakuna. Gitaa moja likikosea, baa nzima inageuka. Sikio hilohilo ndilo linalotakiwa hapa.

Kuna mahali mimi napapenda kupita kiasi. Pembe inashika wimbo, filimbi mbili ndogondogo zinaufuata juu kabisa, kila moja kwenye ngazi yake, na kuna selesta, kinanda kidogo kinacholia kama kengele ndogo. Inatokea sauti ya ogani ya kanisa. Ogani haipo! Ravel ameipika kwa vyombo vingine. Mwalimu aliturudishia hapo mara kadhaa, tukabaki tunatazamana.

Vinanda vya upinde, kama violini, je? Mwanzoni vinadonolewa kwa vidole tu, wimbo wenyewe vinaupata kwa kuchelewa.

Kwa hiyo vaa ekuta, zile spika ndogo za masikioni, maana spika ya simu itakumezea ile ngoma. Mzunguko wa kwanza fuata ngoma peke yake. Wa pili, fuata anayebeba wimbo. Ukisikia tromboni inateleza kama mlevi anayerudi nyumbani, simamisha, uniandikie hapo chini ni dakika ya ngapi kwenye rekodi yako. Karibu na mwisho muziki wote unaruka ngazi ghafla, halafu unarudi. Ukiukamata huo mruko bila kuambiwa, niambie pia. Aksanti sana!