Kauri Hai Mbali na Bahari: Kumtunza katika Tangi la Matumbawe Hapa Dodoma

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Sisi wa bara wengi tunamjua kauri, konokono wa baharini, akiwa ameshakufa: simbi kwenye mkoba wa mganga, au pambo la kikapu. Karne ya 19 kauri wa pwani yetu walisafirishwa kwa meli kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, wakatumike kama fedha. Huyu mdogo mwenye pete ya dhahabu mgongoni ndiye aliyebebwa kwa wingi, na jina lake la kitaalamu, Monetaria annulus, bado linanuka fedha. Leo simbi tuiache. Tumtazame mwenye nyumba.

Pitisheni kombe hili mkononi. Linang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi, na hakuna aliyelipaka chochote. Kauri akiwa hai hutoa nyama laini pande zote mbili, inapanda mpaka zikutane mgongoni. Mimi naiita joho. Joho ndilo linalojenga kombe kutoka nje na kuzuia mwani na uchafu visilishike. Kwa hiyo mkiona kombe la kauri wenu limefifia na kuota mwani mgongoni, jueni joho halitoki, na mnyama ana shida. Ila msimhukumu mchana. Kauri wengi hutembea usiku. Mchana hujibana chini ya jiwe. Mwangalieni saa tatu usiku kwa tochi yenye mwanga hafifu.

Wa kufuga ni yupi? Wadogo wawili, annulus na nduguye Monetaria moneta, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3. Wanakula mwani, na matumbawe hawayasumbui. Kauri madoa, Cypraea tigris, anavutia kuliko wote, na ndiye anayewaponza watu. Akiwa mdogo anakula mwani. Akikua anageukia sponji za baharini na matumbawe laini, na anaweza kufika sentimita 15. Tena ana nguvu za trekta: tumbawe ambalo halikugandishwa kwa gundi ya epoksi ataliangusha usiku, asubuhi mnalikuta kifudifudi kwenye mchanga. Mawe nayo yapangwe juu ya sakafu ya tangi kwanza, mchanga umwagwe baadaye. Jiwe lililokalia mchanga litazama siku moja, na huenda kauri yuko chini yake.

Sasa maji, maana hapa Dodoma kauri hufa kwa maji kabla hajafa kwa njaa.

Sehemu kubwa ya maji yetu yanatoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Ni maji magumu, na ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi tosha. Kuyanywa hakuna neno. Kwenye tangi, kila ndoo ya bomba inaongeza madini ambayo hayaondoki, juu yake kuna klorini. Tumieni maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine yenye utando mwembamba, na kipimo cha TDS, cha madini yaliyoyeyuka, kisome chini ya 10. Sifuri ni bora zaidi. Mashine ndogo za nyumbani hutupa lita tatu hivi kwa kila lita moja safi. Msiyamwage, yakingeni kwenye ndoo ya kudekia. Na kuna wanaokimbilia maji ya betri. Chupa nyingine zinazouzwa kwa jina hilo ni asidi. Achaneni nayo kabisa.

Chumvi ni ile iliyotengenezwa kwa matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Ya Uvinza ni nzuri kwenye mboga. Haina kalsiamu na magnesiamu kwa kiwango ambacho kauri anahitaji kujenga kombe. Changanyeni kwenye pipa lenye pampu kwa saa 24 kabla ya kuyatumia. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, isome 35, na kila mwezi idondosheni maji ya RO muone kama inarudi sifuri.

Nitaandika hesabu moja ubaoni, kwa sababu wengi huteleza hapa. Tangi la lita 200 kwa gramu 35 lina kilo 7 za chumvi. Upepo mkavu wa Dodoma ukinyonya lita 20, zimebaki lita 180. Chumvi hairuki na mvuke, kilo 7 ziko palepale. Gawanyeni: gramu 38.9 kwa lita. Hapo kauri anajifungia ndani, na mwenye tangi anadhani amelala. Akija akajaza lita 20 za maji ya chumvi, ndiyo ameharibu kabisa: kilo 7.7 ndani ya lita 200. Kinachojaziwa ni maji ya RO yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika; kina kikishuka chini ya mstari, jaza.

Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Usiku wa Juni na Julai hita inahitajika, wati moja kwa kila lita. Oktoba na Novemba shida inageuka: feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili tatu, na kwa ukavu wetu inafanya kazi vizuri kuliko Dar es Salaam. Ila feni hiyohiyo inaongeza mvuke, kwa hiyo rudini kwenye mstari wa kalamu. Halafu tuko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Uso wa maji usitulie. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, siyo stoo.

Mengine kwa haraka: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, pH 8.1 hadi 8.4, amonia sifuri, naitreti chini ya 10. Shaba isiwemo hata chembe. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki zina shaba, na konokono hawaistahimili. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye beseni lake. Mkipuliza dawa ya mbu, zimeni kwanza pampu ya hewa, maana inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini.

Tangi lisipungue miezi mitatu kabla ya kauri kuingia, na mawe yawe yameshaota mwani. Akifika, mwekeni kwenye chombo chenye nusu lita ya maji aliyosafiri nayo. Shusheni maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone matatu kwa sekunde. Baada ya saa moja yameongezeka nusu lita hivi. Mwageni nusu, rudieni hivyohivyo kwa mara ya pili, kisha mtoeni kwa mkono, mmwache karibu na jiwe akiwa ameangalia chini. Yale maji ya safari yasiingie tangini.

Mdomo wa pampu uvikwe sponji, joho lisinyonywe. Mwani ukiisha, fungeni kipande cha nori, mwani mkavu wa kuliwa, isiyo na chumvi wala mafuta kwenye jiwe jioni, asubuhi mtoe kilichobaki. Samaki kama kikande na bunju msiwaweke naye, watamtafuna.

Kuna swali la dada pale nyuma: kauri wake amekaa kwenye kioo sehemu moja, siku ya tano leo, hali kitu. Nusa maji kwanza. Aliyekufa hunuka vibaya sana, na hushuka chini mguu umelegea. Kama ameshika kioo kwa nguvu, tazama kwa upande wa pili wa kioo. Ukiona vijifuko vidogo vimesongamana chini ya mguu, ni jike ameatamia mayai. Watoto wakitoka huelea majini na kuishia kwenye chujio, kuwalea nyumbani ni shida. Lakini yeye usimbandue.