Mti Haujafa, Shangazi: Mto Kuanzia Septemba Hadi Barafu

Haya jamani, hamjambo huko? Mkisikia sauti inatetemeka msiwe na wasiwasi, ni baridi tu. Simu haikubali kuguswa na glavu, kwa hiyo mkono wa kulia nimeutoa sadaka leo.

Mto huu mmeshauzoea. Tangu Septemba, kila Jumamosi nasimama hapa hapa, penye jiwe hili, naurekodi. Sasa majuzi shangazi yangu kanipigia, hata salamu hajamaliza: "Wee, hiyo miti mbona yote imekufa? Huko mvua hakuna?" Shangazi, shikamoo. Video ya leo ni yako.

Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayopaka majani rangi. Kumbe mti unahesabu mwanga. Siku zikianza kufupika, unaacha kutengeneza klorofili, ile inayolipa jani ukijani, na iliyokuwepo inavunjwavunjwa. Vitu vya thamani vilivyomo, naitrojeni hasa, vinarudishwa kwenye matawi na shina. Yale manjano mliyoyasifia Oktoba hayakutoka popote. Yalikuwemo ndani ya jani siku zote, kijani kilikuwa kimeyafunika. Wekundu ndio mpya. Huo wekundu, mti unautengeneza mwishoni kabisa, kwa sukari iliyonasa kwenye jani, na unakolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kugandisha. Mwaka huu tumekuwa na mawingu wiki baada ya wiki, wekundu ukatoka wa hivi hivi. Siwadanganyi, zile picha za kalenda sikuzipata.

Ngoja nisogeze kamera. Hili jani nimeliokota sasa hivi. Tazameni mwisho wa kikonyo chake: pamekatika safi, kama kwa wembe. Upepo haukulinyofoa. Mti wenyewe ulijenga tabaka jembamba la seli pale, ukaliachia. Upepo umemalizia tu. Na kwenye kijiti, pale jani lilipokuwa limeshika, mnaona kovu? Limeshazibwa. Juu yake kidogo kuna kipele cha kahawia... hicho hapo. Hilo ni chipukizi la mwakani, na lipo tangu majira ya joto. Maiti haiweki akiba, shangazi.

Na mvua ipo, tena ya kukera. Shida ni kwamba ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji, na jani pana hupoteza maji mengi. Kwa mti, huu ndio ukame. Mbuyu wa huko nao hupukutisha majani kiangazi ili kuokoa maji.

Ila si miti yote inayofuata ratiba. Mwerebi ule ulioinamia maji ulibaki na manjano yake wakati wenzake wote wako uchi. Mwaloni kule nyuma umegoma kabisa: majani yamekauka, yamekuwa ya kahawia, bado yameng'ang'ania, na upepo ukipita yanachakarika kama karatasi. Mengine yatafika majira ya kuchipua yakiwa bado hapo. Kipenzi changu lakini ni huu wa ukingoni, wanauita alda. Huu huangusha majani yakiwa bado mabichi, ya kijani! Mizizi yake inaishi na bakteria wanaoukamatia naitrojeni kutoka hewani, basi hauhangaiki kukusanya kabla ya kumwaga. Tajiri wa mtaa.

Yanayoangukia majini yanazama. Kuvu huyalainisha kwanza, kisha viluwiluwi vya wadudu huyatafuna taratibu kipindi chote cha baridi, na samaki nao wanawala hao wadudu. Nikageuza moja Jumamosi iliyopita, limebaki mishipa tu, kama wavu mdogo.

Leo sasa, kitu kipya. Katikati mto unakimbia bado, ila kwenye kona hii maji yanakotulia pameshika barafu tangu jana usiku. Nyembamba, sithubutu kukanyaga. Majani mawili ya manjano yamenasa ndani yake, kama yamewekwa kwenye fremu.

Betri inasema asilimia 19, na kwenye baridi hii ikifika hapo huzimika bila taarifa. Haraka haraka: nachukua kokoto, nalirusha liteleze juu ya barafu. Nyamazeni kidogo msikie. Linalia kama ndege.

Ngoja, nirushe jingi...