Goose ya zamani, mota mpya: tunaiandaa Mbeya, tunairusha Matema

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tuko barazani hapa Soweto, Mbeya, na hii iliyo mezani ni modeli ya Grumman Goose, ndege inayotua majini na nchi kavu. Ndege yenyewe iliruka mara ya kwanza Mei 1937 huko Marekani. Iliundwa kwa ajili ya matajiri wa Long Island waliotaka kuwahi kazini New York. Ncha ya bawa hadi ncha ilifika karibu mita 15; yangu ni moja ya kumi. Nimeipata imechakaa, na injini zake mbili ndogo zinatumia methanoli, mafuta ambayo kuyapata huku ni kazi. Kwa hiyo tunaipeleka kwenye umeme.

Kwanza, igeuze tumbo juu. Tazama kidole changu: hapa katikati kuna kidato, kama ngazi moja tu. Maji hung'ang'ania umbo lililopinda. Ndege ikishika kasi, kidato kinayakata, hewa inaingia nyuma yake, na tumbo linaachana na ziwa. Msikiguse! Modeli yangu ya kwanza nilikipiga msasa nikidhani naisafisha, ikawa laini kama yai. Ilikimbia juu ya Ziwa Nyasa mpaka betri ikaisha, haikunyanyuka hata unene wa kidole. Niliumia sana siku ile. Hata kampuni ya McKinnon ya Oregon, Marekani, walioziondolea Goose halisi injini za pistoni za nguvu farasi 450 wakazifunga injini za tabaini, na maboya ya mabawani wakayafanya yajikunje, kidato walikiacha.

Sasa tafuta nyufa. Ng'oa injini na kila kitu cha ndani, paka unga wa chaki nje ya tumbo, kisha mimina kikombe cha maji ndani. Subiri. Umeona pale karibu na mkia? Chaki imeanza kuwa kijivu, maji yanapenya. Weka alama kwa penseli, mwaga maji, kausha kabisa, halafu ziba kwa kitambaa chembamba cha faiba na gundi ya epoksi. Usijaze gundi nyingi nyuma. Mkia mzito utakusumbua baadaye.

Tunafunga mota mbili zisizo na brashi, moja kila bawa. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu sisi wa nyanda za juu tunakosea hapa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, imepungua kama asilimia 15 kuliko pwani. Pangaboi linazunguka bila taabu. Ukishuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ziwa liko chini ya mita 500: hewa nzito, na mota ileile na pangaboi lilelile vinakula umeme zaidi. Kipimo cha umeme kikisoma ampea 20 hapa barazani, na kidhibiti chako, kile kifaa kinachoipimia mota umeme, mwisho wake ni 20, kule kitaungua. Mimi nimefunga vya 30.

Risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, ila usizibe matundu ya plagi. Kwenye rimoti, panga usukani upunguze mota ya upande unaokunja. Ndege itageuka majini bila usukani wa ziada wa majini.

Betri ya seli 3 isukume mbele. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, mbele kidogo ya kidato. Pua iiname kidogo tu. Ikikaa juu, sogeza betri tena, usiongeze uzito wa madini ya risasi.

Kabla ya safari, shughulikia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukifika Matema, uwe ufukweni alfajiri kabla ya upepo, na waombe wavuvi wakuonyeshe wanakopitisha mitumbwi yao, ukae mbali napo.

Elekeza pua kwenye upepo. Ongeza nguvu taratibu, vuta kijiti cha rimoti kidogo mpaka ipande juu ya maji, kisha legeza, iache ikimbie. Sikilizeni… mlio wa maji unapungua, umebaki kama karatasi inayochanika. Sasa vuta. Ile pale, imeondoka!

Ikitua, fungua kizibo cha nyuma na inamisha mkia. Leo yametoka maji yasiyojaa kijiko.