Doa moja au matatu: vipepeo wa Newala

SOMOE: Karibuni barazani. Mimi Somoe, tupo hapa Shangani, Mtwara. Feni tumeizima ili sauti itoke vizuri, kwa hiyo mkisikia tunahema mjue ni joto, si ugomvi. Niko na shemeji yangu Musa, mume wa mdogo wangu.

MUSA: Na dereva. Usisahau dereva.

SOMOE: Dereva wa safari ya Newala. Juni shule zilipofungwa tukasema watoto wasishinde chumbani na simu. Tuwapandishe mlimani wakaone baridi, na wapige picha za vipepeo.

MUSA: Hapo kwenye vipepeo ndipo nilipotaka kugeuza gari. Mtu mzima unatoka Mtwara, unapita Nanyamba, unapita Tandahimba, vumbi limeingia mpaka kwenye kope, unaulizwa unakwenda wapi, unajibu nakwenda kupiga picha mdudu!

SOMOE: Na wa kwanza tuliwapata kabla hata hatujafika. Simulia wewe.

MUSA: Wee, hiyo simulia mwenyewe, mtoto ni wako.

SOMOE: Haya. Tumesimama njiani tunakula ming'oko, yule wangu mdogo akazunguka nyuma ya mkorosho kujisaidia haja ndogo. Tukamaliza kula, tukakung'uta mkeka, nakwenda kumuangalia kama kafunga zipu, nakuta pale mchangani alipolowanisha vipepeo wamejaa. Weupe watupu. Nilihesabu kumi na saba. Wamekunja mabawa, wote vichwa upande mmoja, kama safu ya swala.

MUSA: Mimi nikajua mtoto ana kisukari.

SOMOE: (anacheka) Alinitisha huyu! Akaanza kuuliza hospitali ya Newala iko wapi. Hapana, shemeji, wale wanafuata chumvi. Maua yanampa kipepeo sukari, lakini chumvi ndani yake hakuna, au ipo kidogo mno. Kwa hiyo madume wanatafuta penye unyevu: tope, samadi, jasho, mkojo, wananyonya kwa ule mrija wao. Na si kwamba anajilia peke yake. Kwa aina nyingi, dume anampa jike ile chumvi wakati wa kupandana, na jike anaiweka kwenye mayai.

MUSA: Yaani ni mahari.

SOMOE: Mahari kabisa. Basi picha zangu za pale zote ziliharibika, na niseme kwa nini, maana wasikilizaji watakosea palepale. Kipepeo mweupe juani anaiunguza picha. Unapata karatasi nyeupe yenye miguu. Kwenye simu, ukishamgusa kwenye kioo, kuna kale kajua kanatokea pembeni. Kashushe chini mpaka uone mishipa ya bawa. Mimi nilikuja kulijua hilo jioni, tumeshafika.

MUSA: Kesho yake asubuhi tukaenda Shimo la Mungu.

SOMOE: Kwa wasiopajua, pale uwanda wa Makonde ndipo unapokatika. Unasimama ukingoni, chini bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji.

MUSA: Ukipaona. Sisi tumefika saa moja asubuhi, ukungu umeziba kila kitu. Watoto wamejifunga khanga za mama zao mpaka masikioni. Kipepeo hata mmoja hakuna. Nikamwambia shemeji, wadudu wako wana akili, wamelala.

SOMOE: Na kweli walikuwa wamelala. Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama wewe. Misuli ya kurukia ikipoa hafanyi kazi. Lazima aote jua kwanza. Ilipokaribia saa tatu ukungu ukaanza kupasuka, jua likapiga mawe, na hao wakaanza kuonekana. Mmoja kwenye jiwe, mwingine kwenye jani kavu, mabawa wameyatandaza kama mkeka ulioanikwa. Hiyo dakika kumi, kumi na tano, kabla hajapata moto, ndiyo ya kupiga picha. Saa sita mchana unamkimbiza wa nini? Atakuchosha tu.

MUSA: Mimi nilikimbiza.

SOMOE: Ulikimbiza, ukarudi na picha ya kiatu chako.

MUSA: Lakini kilichonifurahisha ni kile kijiwe. Pale juu kabisa, sehemu ya wazi, walikuwepo kama watano wanazunguka palepale. Mmoja akija wa nje wanamfukuza, wanapanda naye juu wakizungukana, kisha kila mmoja anarudi kwenye kituo chake. Vijana wa bodaboda watupu.

SOMOE: Wale ni madume. Aina nyingi wana tabia hiyo, dume anapanda mahali palipoinuka, kilimani, ukingoni, anashika eneo na kungoja. Jike anayetafuta mwenza naye anapanda hukohuko. Sasa faida kwa mpiga picha: ukimfukuza bila kukusudia, usimfuate. Kaa chini. Anarudi kwenye jani lilelile. Binti yako aligundua mwenyewe, alikaa kitako hajitikisi, simu ameielekeza kwenye jani tupu. Nikamuuliza unapiga nini? Akasema, "Anakuja."

MUSA: Na akaja. Lakini ongea na ile habari ya kurudi nyuma, hiyo si ya kucheka.

SOMOE: Kweli. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anarudi kinyumenyume ili kipepeo aingie wote kwenye kioo. Nyuma yake ni Shimo la Mungu. Musa alimdaka kola ya shati. Tangu hapo tukaweka sheria: ukishika simu, miguu haiendi nyuma. Ukitaka kusogea, shusha simu, geuka, tembea.

MUSA: Kola ilichanika. Sijalipa na silipi.

SOMOE: Sasa nije kwa yule wa rangi ya chungwa. Mnamjua, yupo kila mahali, hata hapa Mtwara kwenye viwanja vitupu: chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka taratibu kama hana deni la mtu. Jina lake la kitaalamu *Danaus chrysippus*. Hana haraka kwa sababu kiwavi wake anakula mimea ile yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu yake anaibeba mpaka anapokuwa kipepeo. Ndege akimuonja siku moja, basi.

MUSA: Tulimpata, picha nzuri, nikasema kazi imeisha, twendeni tukanywe chai.

SOMOE: Usiku, umeme umekatika, tumejilaza kwenye mkeka tunazikuza picha. Nikaangalia bawa la nyuma. *Danaus* ana madoa meusi katikati ya bawa la nyuma, matatu au zaidi. Huyu wetu alikuwa na moja tu, pale kwenye ukingo wa juu. Moja! Nikakaa kitako. Shemeji, huyu siye. Huyu ni jike wa *Hypolimnas misippus*, hana sumu yoyote, amevaa tu nguo za mwenye sumu ili ndege wamuogope.

MUSA: Kama yule jirani anayevaa kombati na hajawahi kuwa askari.

SOMOE: (kicheko) Usimtaje! Na cha ajabu, mume wake hafanani naye hata kidogo. Dume ni mweusi, ana madoa makubwa meupe, na ukimpata kwenye mwanga wa upande, ukingo wa yale madoa unawaka zambarau. Watoto walikuwa wamempiga kulekule kijiweni na kumuandika kama aina nyingine. Kumbe ni mtu na mkewe, kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari.

MUSA: Ile zambarau mimi niliona na kupoteza, kuona na kupoteza. Nikadhani ni macho.

SOMOE: Si macho. Bawa limeezekwa vigamba vidogo mno, kama vigae vya bati. Ule unga unaobaki vidoleni ndiyo hivyo vigamba. Rangi nyingine ni rangi kweli, lakini ile inayowaka mara ipo mara haipo inatokana na umbo la kigamba linavyorudisha mwanga. Kwa hiyo piga picha nyingi, kila moja pembe tofauti kidogo. Na piga juu na chini ya bawa, ukiweza. Mimi huziweka iNaturalist, ule mtandao ambao watu wanasaidiana kutambua viumbe kwa picha, na huko mtu akiona upande mmoja tu mara nyingi anashindwa kukuambia ni nani.

MUSA: Sasa tuseme kosa langu.

SOMOE: Tuseme.

MUSA: Tumefikia kwa shangazi yangu. Uani ana bomba linavuja, linadondosha tone, tone, chini kuna kidimbwi. Na mnajua maji Newala yalivyo. Wazee wetu walikuwa wanashuka lile bonde kuyafuata, wanapanda nayo kichwani. Kwa hiyo mimi kuona maji yanamwagika roho inaniuma. Siku ya tatu mapema nikaenda dukani, nikanunua mpira, nikabadilisha. Kimya. Shangazi akaniombea dua ndefu.

SOMOE: Na saa nne watoto wakatoka na simu zao, wakakuta pamekauka. Jana yake pale walitua aina sita. Sita! Zaidi ya Shimo la Mungu. Wale wenye mikia, wale wa bluu wadogo kama kucha, hapohapo penye beseni la vyombo. Tumesafiri kilomita zote zile, uwanja wetu bora ukawa nyuma ya jiko.

MUSA: Nilililiwa. Mke wangu hakuniongelesha mpaka mchana. Shangazi ananishukuru, watoto wananilaani.

SOMOE: Tukachukua sinia bovu, mchanga, maji machache, chumvi ya kubana vidole viwili, tukaliweka juani. Pembeni ndizi iliyooza, tumeiponda. Siku ile, hamna. Kesho yake ndiyo wakaja. Kwenye ndizi walikuja wale wanene wenye nguvu, wanaoruka kama mshale, *Charaxes*. Hao maua hawana habari nayo, wao ni utomvu wa miti na matunda yaliyochacha.

MUSA: Kwa hiyo msimu wa mabibo wanakunywa uraka.

SOMOE: Hao ndio unaoweza kuwasogelea hata na simu ya kawaida, maana akishazama kwenye ndizi hakuoni. Usitumie kukuza kwa vidole, picha inakuwa na ukungu. Sogea mwenyewe, magoti chini, kivuli chako kisimpite.

MUSA: Magoti yangu yanajua.

SOMOE: Ulipiga ngapi kwa jumla?

MUSA: Mia sita na kitu. Simu ikasema imejaa. Nimefuta, zimebaki kumi na moja, na mbili ni za kiatu. Yule mweusi wa zambarau nilimtumia mama yangu, kamuweka mbele ya simu yake. Jana kapiga. Anauliza lile ua ni la mti gani, nimletee mbegu.